Kamba ya Katani na Mita Kumi na Tano za Kija

Mwaka 1975 uwanja wetu wa mbio ulipungua mita kumi na tano bila mtu yeyote kuugusa.

Najua mmeshaanza kusema mzee kalewa. Subirini kwanza.

Naitwa Severine, mzaliwa wa Bukoba, nina miaka themanini na moja na naandika haya kwa kidole kimoja kwenye simu. Enzi hizo nilikuwa mwalimu wa riadha kwenye kituo cha taifa cha michezo, kando ya ziwa, nje kidogo ya Mwanza. Jina kubwa, lakini tulikuwa na saa moja ya kupimia mbio, jozi nne za viatu vya misumari na uwanja wa udongo wenye mistari ya majivu.

Futi ya chuma hatukuwa nayo. Siku ya kuchora uwanja tuliazima ya wapima ardhi, tukakata kamba mpya ya katani mita hamsini kamili, tukaitia alama ya rangi nyekundu kila mita tano. Kamba nane, mzunguko mmoja, mita mia nne. Kisha ikakabidhiwa kwa Mayala, mtunza stoo wetu, Msukuma mmoja mwenye maneno mengi kuliko vifaa alivyotunza.

Sasa Kija.

Kija alitoka Sengerema, ng'ambo ya ziwa. Mbio zake mita mia nane, mizunguko miwili ya uwanja. Alikuja kambini kachelewa, maana alilea wadogo zake kwanza. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na wote tulijua timu ya taifa ya mwaka ule, ya kwenda kushindana nje, ndiyo ingekuwa yake ya kwanza na ya mwisho.

Wakubwa wa riadha Dar walitaka mwanamke mmoja tu kutoka kwetu, akimbie chini ya dakika mbili na sekunde sita.

Kija alikuwa anakimbia mpaka anatapika. Anafuta mdomo, anakuja kwangu.

"Ngapi, Mwalimu?"

"Mbili na nane."

"Bado," anasema, anarudi kwenye mstari.

Mwaka ule chakula kilikuwa shida. Tulikula yanga, ule ugali wa mahindi ya njano, na hata huo ulikuwa wa kubahatisha. Mwezi wa tatu lori la unga likazama kwenye tope jeusi, geti tunaliona. Tulishakaa siku mbili kwa chai ya rangi. Kambi nzima ikatoka kulivuta, walimu na wanariadha, tunaimba, tunaanguka, tunachekana. Lilipotoka tulikula mpaka kuinama ikawa kazi. Ndiyo siku pekee ninayoikumbuka kwa raha.

Mwezi wa tano tukafanya jaribio rasmi.

Kija akakimbia dakika mbili na sekunde tatu.

Niliitikisa saa nikidhani imekwama. Haikukwama. Mkuu wa kituo akapeleka simu ya maandishi Dar siku hiyo hiyo. Jibu lilikuwa fupi: muda ni mzuri mno, pimeni uwanja, thibitisheni kabla ya Ijumaa.

Nikaenda na Mayala, yeye ncha hii, mimi ncha ile. Kamba ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba. Ya nane ikapita mstari wa kumalizia. Alama tatu nyekundu zilikuwa zimelala upande wa pili.

Mita kumi na tano.

"Tumehesabu vibaya," Mayala akasema.

Tukarudia mara tatu. Kamba ikasema vilevile.

Nikakaa chini pale pale kwenye majivu. Mizunguko miwili ni mita thelathini, kama sekunde tano hivi. Maana yake Kija alikuwa bado yuko kwenye mbili na nane.

"Mwalimu, andika mia nne," Mayala akasema taratibu. "Nani atatoka Dar kuja kupima udongo wa huku?"

"Nilidanganye taifa?"

"Taifa linakula yanga, Mwalimu. Halina muda na mita zako."

Nilimfokea. Nilisoma seminari kabla ya ualimu, na nilipenda sana kuitwa mtu mkweli. Leo nasema wazi, ulikuwa ni ukweli wenye majivuno.

Nikamwita Kija, nikamweleza. Hakulia. Aliuangalia uwanja.

"Mwalimu, mwezi wa kwanza nilikimbia hapa hapa. Ule mzunguko wangu naujua kwa miguu. Haujapungua."

"Miguu haipimi, Kija."

"Basi pima tena kwa kitu kingine. Nakuomba. Nakupigia magoti."

Na akapiga magoti kweli, kwenye majivu, mtu mzima wa miaka ishirini na sita.

"Kitu kingine sina," nikamwambia. "Na kamba haina upendeleo."

Hilo neno linaniamsha mpaka leo.

Alhamisi nilipeleka simu ya maandishi: uwanja pungufu, muda si halali. Jumatatu jina lake likafutwa, akachukuliwa msichana wa mkoa mwingine. Kija akakunja nguo zake, akarudisha viatu vya misumari stoo vikiwa vimeoshwa, akavuka kwenda kwao. Nilimsindikiza hadi kwenye kivuko.

Mwezi wa saba wapima ardhi wakarudi kugawa viwanja kwenye kijiji kipya cha ujamaa jirani nasi. Nikaazima futi yao ya chuma. Nilitaka tu kuurekebisha uwanja.

Nikapima.

Mita mia nne na kiganja kimoja.

Nikamwambia Mayala alete kamba. Tukainyoosha kando ya ile futi ya chuma. Kamba yetu ya mita hamsini ilikuwa na mita hamsini na mbili.

Uwanja haukupungua. Kamba ndiyo iliyorefuka.

Mayala aliiangalia, akaniangalia mimi.

"Mwalimu, umesahau lile lori la unga?"

Sikuwa nimesahau. Mimi ndiye niliyesema leteni kamba ya uwanja. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuishika, naimbisha wenzangu, navuta kwa nguvu zangu zote. Na nyuma yangu, mikono yake ikigusana na yangu, alikuwa Kija.

Katani mpya ikivutwa hivyo hairudi ilivyokuwa. Kila mtu wa kanda yetu anayefunga mizigo anajua. Nami nilijua.

Timu ilikuwa imeshapanda ndege wiki mbili nyuma.

Nilivuka hadi Kamanga, nikatembea mpaka kwao. Nilimkuta shambani, anapalilia mihogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, sikuthubutu kukaa. Nilitegemea anitukane. Nilitamani anitukane.

Aliegemea jembe.

"Kwa hiyo nilikimbia kweli?"

"Ulikimbia kweli."

"Ngapi, Mwalimu?"

"Dakika mbili na sekunde tatu."

Akafuta udongo mikononi kwa kanga yake, kidole kimoja kimoja.

"Niandikie," akasema. "Uweke na sahihi."

Nikaandika kwenye karatasi niliyoichana kwenye daftari langu la mazoezi. Jina lake, umbali, muda, tarehe, sahihi yangu. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga, akashika jembe lake.

Hakuwahi kukimbia tena. Mwaka juzi nilienda kumzika, na binti yake akanionyesha karatasi ile, imetundikwa ukutani kwenye fremu ya kioo, karibu na picha ya harusi.

Somo langu ni moja, nanyi mliopewa kazi ya kuamua maisha ya wenzenu mlichukue. Kabla hujamwambia mtu hafikii, kipime kwanza hicho unachompimia. Na ukumbuke nani alikivuta.