Jina la Lok Kru Sarun

Kwetu Batambang mwalimu ni lok kru, na aliyefundishwa naye hamwiti kwa jina hata siku moja. Unaweza kuwa na wajukuu, ukikutana naye njiani bado ni lok kru, na ukipita mbele yake unainama. Lok kru Sarun alinifundisha hesabu miaka minne. Nilimwogopa na nilimpenda.

Watu wa Angkar, chama cha mapinduzi, waliposhika nchi wakatuswaga mashambani kuchimba mfereji, na neno lok kru likawa sumu. Kila mtu akawa komredi. Waliojulikana kuwa walimu walichukuliwa mmoja mmoja, hakurudi hata mmoja. Sarun akajiandikisha kuwa mgema. Alitupa miwani yake mtoni, akajifunza kutema mate na kutukana. Alitukana vibaya, masikini, kama mtu anayesoma ubaoni.

Aliniomba jambo moja tu, nisimwite kabisa. Nikaweza, miezi saba.

Siku moja mchana tulipanga foleni ya uji. Sarun alikuwa ameketi chini karibu na sufuria. Nilipita mbele yake na bakuli langu, na huu mgongo wangu mpumbavu ukainama wenyewe.

Komredi Yoeun, kiongozi wa kikosi chetu, msichana wa miaka kama ishirini, aliona. Akaweka upawa chini.

"Komredi Phally, mgema naye anainamiwa?"

Sarun akadakia kabla sijafungua mdomo. "Huyo? Uvivu umemmaliza mgongo. Mnyime uji uone kama hatanyooka."

Watu wakacheka kidogo. Yoeun hakucheka, akanigeukia mimi.

"Zamani ulikuwa unamwitaje?"

Sarun alinikazia macho, nikajua anataka niseme nini.

"Sarun," nikasema. "Sarun tu."

Sikuwahi kulitamka jina hilo maishani. Lilitoka vipande vipande, kwa aibu, na foleni nzima ikasikia kwamba nalisema kwa mara ya kwanza. Nilimuua kwa adabu yangu, na sijajisamehe.

Yoeun alitabasamu. Akachota uji mzito wa chini, ule ambao sisi hatukuwahi kupewa, akamjazia Sarun bakuli mpaka juu.

"Kula ushibe, komredi. Jioni una safari."

Sarun alikula nusu, taratibu. Nusu nyingine akaimimina katika bakuli langu mbele ya wote. Nikaila yote. Nilikuwa na njaa.