Mluzi wa Baba Regina

Kijijini Rudewa mbwa hupewa jina ili jirani asikie. Ukikuta mbwa anaitwa Tumewazoea au Mtasema Sana, usimtazame mbwa, tazama nyumba inayofuata. Mbwa wa Devota anaitwa Huyu, na hakuna jirani aliyewahi kukasirika. Alipozaliwa, Stefano, mume wa Devota, alikuwa Mikumi, akasema kwenye simu kwamba jina asipewe, atampa mwenyewe akija. Watu wakawa wanasema "huyu mbwa," na kwa kuwa Stefano alichelewa, neno la pili likadondoka njiani.

Stefano alikwenda kulinda malori yanayolala kando ya barabara kuu. Aliaga kwa msimu mmoja, na mpaka leo ni ule ule mmoja. Wanaopita Mikumi kwa basi huleta habari kwamba ni mzima, tena amenenepa. Huileta habari hiyo kwa sauti ya pongezi, na Devota huipokea kwa sauti hiyo hiyo, ingawa kila mwanamke wa Rudewa anajua kwamba mlinzi wa usiku hanenepi kwa chakula alichojipikia.

Kabla ya kuondoka yeye ndiye aliyekuwa na mbwa wa maana hapa. Mashamba ya mkonge yaliyoachwa siku nyingi yamegeuka pori, na pori hilo lina wenyeji wake, nguruwe pori, ambao hula mahindi ya mzawa na ya mhamiaji bila upendeleo. Mahali ambapo kila kipande cha ardhi kina kesi, hao ndio wadau pekee wasioitwa kikaoni. Dawa yao ni mbwa. Na mbwa wa Stefano walitambulika kwa jambo moja: walirudi.

Maana mbwa mchanga anaweza kujua kunusa, akajua kubweka, akajua kuwaacha mbuzi wa watu, na bado akawa si wa porini. Hupelekwa porini siku anapoweza kumwacha mnyama mbele ya pua yake kwa sababu amesikia mluzi wa bwana wake. Asiyerudi hupasuliwa tumbo na jike lenye watoto, au hunaswa kwenye mtego, au huishia kwenye ndama wa watu, na hapo anayewindwa ni mwenye mbwa. Mtihani ni mluzi, na mwenye mluzi ndiye msahihishaji.

Mwanamke hapigi mluzi. Bibi yake Devota alimfundisha kwamba mwanamke apigaye mluzi humpuliza mumewe nje ya nyumba. Devota hakupiga mluzi hata siku moja katika ndoa yake. Matokeo yako Mikumi.

Alijaribu simu. Alimpigia Stefano, akaweka spika, akamwomba apige mluzi ule wake: mmoja mrefu, miwili mifupi, wa mwisho ukipanda. Ukatoka mwembamba, umechanganyika na honi za malori. Huyu akainamisha kichwa, akaizunguka simu kumtafuta aliyejificha nyuma yake, na alipomkosa akajilaza. Stefano akauliza kama amekuja. Devota akasema mbwa bado hajaiva, itabidi mwenyewe uje. Stefano akakubali kwamba mbwa hafundishwi kwa simu, akasema mwisho wa mwezi atakuja. Devota alikata simu akiwa anatabasamu, jambo lisilo la kawaida kwa mtu ambaye mtihani umemshinda.

Tangu siku hiyo "bado" likawa jibu lake kwa kila aliyeuliza. Mtu hahitaji busara nyingi kujua kwa nini. Matumizi ya nyumbani yalikuja kwa simu. Pole za msiba zilikuja kwa simu. Hata siku ya kumwozesha binti yao Regina, baraka za baba zilikuja kwa simu, na mshereheshaji akaishikilia kwenye kipaza sauti kwa heshima zote. Kitu kilichobaki ambacho Stefano hakuweza kukituma, ila alazimike kukileta kwa miguu yake, ni mluzi. Mwisho wa mwezi ulipita, akasema hajapata wa kumshikia zamu. Ukapita mwingine. Mbwa akaendelea kutokuiva.

Aliyemstukia ni Shimba, jirani aliyehamia kutoka Kanda ya Ziwa na ng'ombe wake, ambaye kwa urafiki wake na Stefano humwita Devota shemeji. Jioni moja alipitisha ndama kwa makusudi katikati ya uwanja wa Devota. Huyu aliwatazama wote wakipita, akapiga miayo. Shimba akasema kwao mbwa wa namna hiyo angekuwa ameshafanya kazi muda mrefu.

"Shemeji," akasema, "unamsubiri mbwa aive, au unamsubiri mtu?"

"Mbwa," akasema Devota.

"Haya. Maana mbwa nimemwona."

Mahindi yakabeba, na nguruwe, ambao hawahitaji bwana shamba kuwaambia, wakajua. Waliingia kwa Mwanne kwanza. Shamba lake ndilo linalogusana na mkonge. Mwanne ni mama mtu mzima, Mwislamu wa kushika dini, na mbwa humpisha kwa umbali wa kutosha kulinda udhu wake. Hata hivyo, tangu mahindi yatoe mbelewele, kila asubuhi alikuwa akimuulizia Huyu kabla hajawaulizia watu wa nyumbani.

Asubuhi hiyo hakuuliza. Devota alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi mbali na mbwa na kuweka chini bua lililotafunwa.

"Mama Regina," akasema, "mbwa simgusi, nguruwe simli. Katika maneno yote haya changu ni mahindi tu. Nusu yamelala. Kesho wanamalizia."

Devota akasema Baba Regina ameahidi kuja mwisho wa mwezi. Mwanne akalitazama lile bua. Akaliacha pale pale, akaondoka, na hilo ndilo lililomshinda Devota. Angejua la kujibu kama angetukanwa.

Kesho yake, umande ukiwa bado juu ya majani, Devota na Shimba walimwingiza Huyu kwenye mkonge. Shimba alibeba mkuki na, kwa matumaini ya kitimoto, kiroba. Mwanne alisimama kwenye mpaka wa shamba lake, kanga imebanwa kifuani. Huyu alinusa kidogo, akanyooka, akabweka kama mwenye barua ya ajira. Pori likafumuka. Nguruwe wakatoka kundi zima, wakakimbilia bondeni, naye nyuma yao.

Walipokuwa wanapotea kwenye matete, jike kubwa likageuka. Lilikuwa na watoto. Shimba alikuwa mbali, na mkuki haukimbii peke yake. Huyu aliendelea kuliendea, mkia juu, mwenye furaha ya asiyejua. Devota akaita jina lake. Lakini Huyu si jina la kumrudisha mtu. Akaita tena, kwa nguvu, na mbwa hakutikisa hata sikio.

Basi akapiga mluzi.

Mdomo wake ulikuwa unajua. Kwa miaka yote ya ndoa mluzi ule ulimfikia jikoni kutoka kwenye mkonge, na kila aliposikia ule wa mwisho unapanda, alibandika maji ya ugali, kwa kuwa mwenyewe alikuwa njiani. Sasa ulitoka kwake mzima, mmoja mrefu, miwili mifupi, ukavuka bonde. Na kabla hajaangalia kama mbwa amesikia, Devota alijikuta amegeuka nyuma, anatazama njia inayotoka kijijini.

Njia ilikuwa tupu. Aliporudisha macho bondeni, Huyu alikuwa amesimama, mguu mmoja hewani, analipima lile jike. Kisha akaliacha. Alirudi mbio, ulimi nje, akasimama mbele ya Devota.

Nguruwe walivuka bonde wakaenda zao. Shimba alikunja kiroba chake, akakitia kwapani. Mwanne alikuja hadi ule umbali wake wa siku zote.

"Nilidhani Baba Regina amerudi," akasema.

"Hapana," akasema Devota.

Jioni Stefano alipiga simu. Aliuliza mvua, akauliza afya ya Regina, kisha akauliza kama ilivyo desturi:

"Na huyo mbwa, bado?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni, limeizoea njia. Devota alilimeza.

"Ameiva," akasema.

"Nani kampigia mluzi?"

"Mimi."

Huko Mikumi lori likapita, refu. Lilipokwisha, Stefano alisema, "Hebu piga nisikie."

Devota alitazama nje kama kuna mtu, kisha akapiga. 

"Ni wenyewe," Stefano akasema, na sauti haikuwa ile ya kuuliza mvua. Kisha ikarudi. "Basi vizuri, Mama Regina. Kumbe huko mambo yanakwenda."

"Yanakwenda. Bado jina tu. Ulisema utampa."

"Kwani sasa mnamwitaje?"

"Huyu."

Stefano akafikiri kidogo. "Basi liacheni," akasema. "Limeshakaa."

Wakaagana. Devota alipoiweka simu chini aliona kwamba Huyu alikuwa amekuja tangu ule mluzi, ameketi mlangoni, anamtazama, anasubiri kuambiwa ameitiwa nini.