Mistari Mitano Juu ya Mama wa Matangazo

Nilipokuwa nikisomea kilimo chuoni Bukura nilizoea kutunga vishairi vya mistari mitano vya kuchekesha wenzangu. Nilimcheka mpishi, nikamcheka hata ng'ombe wa maziwa. Nilipohitimu na kurudi nyumbani Lumakanda, mchezo huo haukunitoka.

Kanisani kwetu kulikuwa na mama mmoja mjane aliyesoma matangazo kila Jumapili. Kama wengi wetu huku, alichanganya "r" na "l". Siku moja alitangaza kwamba Jumapili ijayo tungepiga kura ya kuchagua wazee wa kanisa, ila kwake ikawa "kula". Kabla sijafika nyumbani, nilikuwa nimeshaweka haya kwenye kundi la Wasapu la kwaya:

Alisimama mama wa matangazo,
Akanena kwa sauti ya mkazo:
"Njooni mpige kula!"
Tukabeba sahani za chakula,
Tukarudi na njaa na mawazo.

Watu walicheka. Nami nilikaa na simu mkononi nikihesabu vicheko, nikijiona fundi. Kufikia Jumatano, watoto walikuwa wakikiimba kishairi hicho njiani kutoka shule.

Jumapili iliyofuata mama hakusimama. Mchungaji alisoma mwenyewe.

Nilivumilia wiki mbili, kisha nikaenda kwake. Alinikaribisha vizuri, akanipakulia obusuma, ule ugali wetu, na mboga. Sikungoja tumalize kula.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha kwa kile kishairi."

"Kumbe ni wewe huandikanga?" aliuliza. Hakuwa amejua. "Hebu nisomee. Nimesikia vipande tu, kwa watoto."

Nilianza. Mstari wa tatu ulinishinda, nikainamisha kichwa.

"Basi, nimeshakusamehe," alisema. "Lakini mwanangu, ungeniambia mimi kwanza. Ningejifunza."

Tuliendelea kuzungumza, na hapo nikagundua jambo lililoniumiza kuliko kulaumiwa. Alikuwa akiyakwepa maneno. Alitaka kutaja ile kura, akasita, akasema "ule uchaguzi". Mama aliyekuwa akizungumza bila kupumua sasa alikuwa akipima kila neno kabla ya kulitoa.

Nilimsihi arudi kusoma matangazo. Akatikisa kichwa, akaniongezea mboga.

Mchungaji aliponiomba nishike kazi hiyo sikuwa na uso wa kukataa. Ninasoma mpaka leo. Yeye hukaa benchi la tatu, ananitazama, na nikimaliza huitikia "Amina" kwa sauti ndogo.