Neno Alilotuachia Baba Kituoni

Sisi tuliokulia mji wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, kabla simu hazijaingia mifukoni tulikuwa na makelele yetu wenyewe. Jioni wasichana tulicheza nzango uwanjani, tunaimba, tunapiga makofi, tunarusha miguu mpaka vumbi linapanda magotini. Ndagala, vile visamaki vya ziwani, zilianikwa mchangani, na harufu yake ilikaa kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye vitabu vya shule. Niliipenda nzango kuliko chakula. Lakini kila niliposhinda, aliyeshindwa alikuwa na silaha yake: "Toka hapa, we Chinoa!"

Mimi si Mchina. Baba yangu alikuwa Mjapani, fundi wa mgodi wa shaba kule Katanga, ambako mama, Mbembe wa hapa hapa Baraka, alikwenda kukaa kwa kaka yake. Yule bwana alimfuata mjomba, akajitambulisha, akatoa mahari, watu wakala na kunywa. Ninalisema hilo kwa sauti kwa sababu mpaka leo wako watu hapa wanaonong'ona kwamba mimi ni mtoto wa kuokotwa.

Kazi ya mgodi ilipokwisha, wageni wakarudishwa kwao. Mama alimsindikiza mpaka kituo cha treni, mimi nikiwa mgongoni. Baba akamshika mabega, akamwambia, "Choto mate," akapanda. Miezi ikapita bila barua. Ndipo mama naye akapanda treni mpaka Kalemie, kisha boti, akarudi kwao na mtoto mwenye nywele zinazoteleza.

Kijapani cha nyumbani kwetu kingeenea kiganjani. Chakula kikiwa kitamu mama alisema, "Oishi." Kabla ya kula, baada ya Amina, tulitamka "itadakimasu," kwa kuwa mama aliamini ni sala, hata padri alipotutembelea aliiitikia kwa heshima zote. Wali aliupika wa kushikamana, kama baba alivyoupenda. Majirani waliuita wali wa gundi, na sahani walizirudisha tupu.

Na kila asubuhi nikienda shule, mama alisimama mlangoni: "Choto mate, mwanangu." Alijua ni baraka, maana yake Mungu akulinde njiani. Siku mwalimu aliponisimamisha na kuniuliza, "Wewe, kwenu ni wapi hasa?" na darasa zima likacheka, nilitamka maneno hayo moyoni nikakaa chini bila kulia.

Mfanyabiashara mmoja wa Makobola, mtu mpole, alikuja kumposa mama. Alileta mbuzi. Mama akamrudisha yeye na mbuzi wake. "Bwana yangu aliniachaka na baraka," alisema. "Hakunifukuza."

Sasa mimi mwenyewe ni koko, nina wajukuu. Juzijuzi binti yangu Furaha aliniwekea masomo ya Kijapani kwenye simu. Nilivaa miwani, nikaanza: a, i, u, e, o. Kumbe vokali ni zetu zile zile! Nilikasirika siku ile ile ya kwanza. Lugha iliyo karibu hivi na mdomo wangu, na mwenye nayo hakunipa hata salamu!

Halafu likaja somo la dukani. Mteja anaita, muuzaji anajibu kutoka nyuma: choto mate. Chini yake iliandikwa maana kwa Kifaransa. Ngoja kidogo.

Nilirudia kusikiliza, nikidhani masikio yamezeeka. Ngoja kidogo! Hayo ndiyo aliyomwambia mwanamke mwenye mtoto mgongoni, kama mtu anayeingia ndani kuchukua kofia. Na sisi tukayafanya sala. Nilitaka kuitupa ile simu ziwani.

Mama alikuwa uani, anapepeta mchele. Nilimweleza. Ungo ukasimama hewani.

"Kidogo?" akauliza.

"Ee, mama. Kidogo."

"Yule bwana wa Makobola nilimurudishaka na mbuzi yake," akasema. "Mi nilizani bwana yangu aliniombea kwa Mungu. Kumbe alinifungia mulango, akaenda na funguo."

Sikuwahi kumsikia mama akimlaumu baba kabla ya hapo. Kisha akanigeukia, macho makavu. "We uko na ile telefone. Kwabo banasemaka je, 'singoji tena'?"

Nikatafuta. "Mo machimasen."

Akalirudia mpaka likakaa mdomoni, akaendelea kupepeta, safari hii kwa nguvu, makapi yakaruka mpaka kwa jirani.

Mjukuu wangu, aliyekuwa pale na simu yake, akacheka. "Koko, unajichokesha bure. Telefone itakutafsiria yenyewe."

Yenyewe! Hawa watoto wanaongea na binamu zao wa Ulaya wakiwaona nyuso, na bado wanamaliza wiki bila kumsalimia bibi wa chumba cha pili. Enzi zetu tulikuwa na maneno machache, mengine hatukuyaelewa, lakini tuliyabeba mdomoni na kuyapa watoto wetu. Leo wana maneno ya dunia nzima, na wamemwachia mtumishi wa kioo ayabebe. Mimi nitaendelea kujifunza, wacheke wachoke. Siku nikimpata mtu wa ukoo ule wa baba, sitaki mashine imuulize kwa adabu zake. Nataka aisikie hasira ya mama yangu kwa lugha yake, katika sauti yangu.