Siku Halua Alipotoa Mguu

Yvette alimsingizia Donatienne kwamba alimfinya bibi kizee waliyekuwa wakimtunza pamoja kule ughaibuni, mtaa wa Weston. Ulikuwa uongo. Mikono iliyomfinya yule bibi ilikuwa ya Yvette mwenyewe, naye alijua. Kisha Jumapili akasimama mbele ya kanisa lote, mtaa wa jirani wa Mount Dennis, akaomba watu wamwombee Donatienne aponywe mikono. Wakafumba macho, wakaomba. Donatienne akapoteza kazi, na tangu siku ile hakuna mama aliyempa mtoto ampakate.

Kazi aliyopata baadaye ilikuwa nje ya mji wa Brampton, kwenye kituo kinachookoa poni, wale farasi wafupi wasiomfika mtu kidevuni, walioteswa au kutelekezwa. Msimamizi wake, Shelina, Mwismailia ambaye wazazi wake walitoka Mwanza, hakumwuliza habari za kanisani. Alimpa koleo, na poni mmoja mwekundu aitwaye Halua.

Halua alipigwa sana na mwenyewe wa zamani. Ukiinua mkono kujikuna tu, anaruka. Alikubali kula karibu na mtu, akakubali hatamu, lakini mguu hampi yeyote amsafishe kwato. Na wakati wa baridi theluji hujishindilia ndani ya kwato ikawa bonge la barafu, mnyama akatembea kama aliyevaa visigino virefu. Akiteleza, anavunjika.

"Asipotoa mguu kwa hiari," Shelina alisema, "itabidi afungwe kamba, aangushwe. Na akiangushwa, basi tena. Hatamwamini mtu maisha yake."

Asubuhi moja Donatienne alimkuta poni wake uwanjani, mgongo mweupe kwa theluji. Roho ikamwuma. Kwao Minembwe, milimani, kiumbe kikipigwa na baridi hufunikwa. Halua akiwa anakula, alimtandika polepole blanketi lake la mabegani. Likalowa. Punde poni akaanza kutetemeka.

"Mama we, umemvisha anakwenda ubatizo?" Shelina alicheka, akalivuta blanketi. "Umeyalaza manyoya yake, na yakisimama ndiyo yanashika joto. Mwache kwanza, halafu utaona."

Theluji ikaanguka tena, ikakaa mgongoni pa Halua bila kuyeyuka.

"Sasa tia mkono, dada. Pitia chini."

"Madame, ataruka."

"Tia tu."

Donatienne alivua glavu, akapenyeza vidole ndani ya manyoya. Juu theluji kavu, chini joto kama la mkate uliotoka kuokwa. Joto lote lile, na halikutoka hata la kuyeyusha chembe moja ya theluji!

"Mungu wangu," alisema. Hakuwa amemtaja tangu ile Jumapili.

Halua hakuruka. Basi Donatienne akafanya alichokuwa akikifanya baba yake kwa ng'ombe. Kwao ng'ombe haguswi kabla hajasifiwa. Akamsifu kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ya chini: wewe mwekundu, binamu wa moto, wewe unayebeba theluji usilie. Mkono ukashuka na sifa, begani, gotini, hadi kwenye kwato. Hakuuvuta mguu. Alingoja, kiganja wazi.

Halua akapumua kwa nguvu, mvuke ukamfunika Donatienne uso. Kisha akainua mguu mwenyewe, akauweka kiganjani.

Shelina aliziba mdomo kwa mkono.

Donatienne akalibandua bonge la barafu, akatoa mfukoni mafuta ya mgando anayopaka mikono yake iliyopasuka, akaipaka kwato isishike theluji tena. Alimaliza, lakini hakuuachia mguu. Ulikuwa mzito, na mnyama aliyepigwa kweli ndiye aliyempa aushike.

Halua hakuwa na deni kwa mtu, naye akatoa. Yvette analo. Anadaiwa asimame palepale Mount Dennis, mbele ya watu walewale, safari hii wakiwa wamefumbua macho, aseme ile mikono ilikuwa ya nani.