Dole Gumba la Mama

Nilianza mimi. Jiwe la kwanza alirusha mtu mwingine, lakini aliyefungua mdomo kwanza ni mimi, na kijiji chetu kizima, huku upande wa Mlali, kinalijua hilo.

Orodha ya waliolipwa tulikuwa tumeidai wiki nyingi. Serikali ilileta pesa za kuwainua wakulima baada ya korona, na mtendaji wa kijiji alizigawa ofisini kwake, mlango umefungwa. Wengine walitoka wakicheka, wengine waliambiwa warudi kesho. Mama yangu hakupata kitu, na msimu ule tulilala njaa mara nyingi. Nikasimama mkutanoni, nikagomba: orodha ibandikwe ukutani na saini zake zote, kila mtu aione. Nina hasira za karibu, sikatai.

Asubuhi ilipobandikwa nilipenya watu kwa viwiko. Jina la mama lilikuwepo. Mbele yake palikuwa na alama ya dole gumba, wino umekolea, mistari yote inaonekana. Mama hana dole gumba. Hana kidole hata kimoja. Ukoma ulivila vyote kabla sijazaliwa, akapona, akabaki na viganja. Ugali nilikuwa namlisha mimi kwa mkono wangu.

"Mama yangu ana dole?" nikapiga kelele. "Semeni nyie! Ana dole? Mwizi huyu hapa!"

Mtendaji alikuwa mlangoni, funguo mkononi. Wanaume walimvuta shati mpaka vifungo vikaruka, na fimbo za kuchungia ng'ombe zikamwangukia mgongoni na kichwani. Alipoanguka nilimpiga teke la mbavu. Nililisikia likiingia, na nilifurahi.

Alitema jino ndipo akapata sauti. "Kaka yake huyu! Alikuja kumchukulia mama yake! Kosa langu sikuandika kwamba dole ni lake!"

Kaka yangu mkubwa alikuwa nyuma ya umati. Hakukana. Alitimua mbio, na mbio zile zikawa ushahidi tosha. Walimdaka penye uzio wa miiba, wakamburuta juu yake. Jiwe likampata jicho la kushoto. Dereva mmoja wa bodaboda akaanza kuchomoa mpira wa petroli kwenye pikipiki yake, na mtu akamkimbizia chupa tupu.

"Basi!" nililia. "Basi jamani, ni kaka yangu!" Hakuna aliyegeuka. Nilimng'ang'ania yule mwenye chupa, akanipiga kikumbo nikaanguka chini.

Mama alifika bila kanga ya kichwani. Aliwasukuma kwa vile viganja, akajilaza juu ya kaka, damu ikamlowesha kifua.

"Nilimtuma mimi!" alisema. "Pesa aliniletea, nikala. Dole lake ndilo langu. Haya, mwageni hiyo petroli, mtuchome wote wawili."

Ulikuwa uongo. Kila jioni ya msimu ule alikuwa ananiuliza kama jina lake limetoka. Alipokuwa akiusema hakuwatazama wao, alinitazama mimi. Watu waliachia mawe mmoja mmoja, yule dereva akarudishia mpira wake.

Mtendaji alihamishwa, na sikuwahi kwenda kumwomba radhi. Kaka alipona, lakini jicho lile halioni tena. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Nami nilitaka kumwambia mama hivyo siku ile ile, kwa jinsi nilivyokuwa bado nachemka.

Jioni nilisonga ugali, nikanawa, nikamega tonge, nikalichovya kwenye mlenda na kumpelekea mdomoni. Akafunga mdomo.

"Mwite kaka yako anilishe," akasema.

Kaka alikuja na bandeji usoni, akamlisha. Tangu siku hiyo anamlisha yeye. Akienda Mpwapwa kwa siku mbili, mama hukaa siku mbili na uji, anaunywa mwenyewe, bakuli kalikumbatia kwa viganja, na mimi nimeketi pale pale karibu yake, mikono nimeshanawa.