Besi ya Sagesse

Ciza na mkewe Thérèse walifika Birmingham mwaka 2003, wakitokea kambini walikokimbilia kutoka Uvira. Mtoto wao wa pekee, Sagesse, walimwacha huko kambini kaburini. Homa ilimchukua akiwa kijana ambaye ndevu zilikuwa zinaanza tu kuota. Kilichobaki cha kumsikia ni kaseti moja ya kwaya ya kanisa, na hata humo haimbi. Anapiga gitaa la besi.

Walipewa nyumba katika mtaa wa Nechells, karibu na maghala. Humo masikio ya Thérèse yakaanza kufifia. Kwanza alikosa kusikia kengele ya mlango, kisha ndege, kisha sauti za wanawake wenzake kanisani. Daktari alieleza kwamba sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, nzito hukawia. Ciza, aliyekuwa akipakia mizigo ghalani, alirudi nyumbani na neno hilo moja tu: hukawia.

Redio yao ndogo haikuweza kutoa besi, ile sauti nzito, hata kidogo. Akaenda mtaa wa Kings Heath, akanunua stereo kuukuu yenye spika mbili ndefu za mbao. Alizisukuma kwenye kona za sebule ili zisizuie njia, akaunga nyaya, akawasha. Kwaya ilisikika, lakini chini yake palikuwa na mngurumo tu, kama lori lililoegeshwa nje bila kuzimwa.

"Unamusikia?" aliuliza kwa sauti kubwa.

"Nasikia makelele," Thérèse alisema. "Mutoto simusikie."

Ciza akaongeza besi hadi mwisho. Vikombe vilitetemeka kabatini, na jirani akabisha hodi. Alikuwa Harjit, mzee aliyewahi kufunga vyombo vya muziki kwenye harusi. Ciza alianza kuomba radhi, lakini Harjit alitikisa kichwa na kumweleza, kwa Kiingereza cha polepole, kuwa spika zikibanwa kwenye kona, kuta huvimbisha sauti nzito mpaka noti zote zinakuwa moja.

Wakazivuta mbele, wakatandika chini yake mabamba ya saruji kutoka uani. Harjit akarudisha kitufe cha besi katikati. Alipochungulia nyuma, akaguna: nyaya za spika moja zilikuwa zimegeuzwa, nyekundu mahali pa nyeusi.

"Hii inasukuma hewa, ile inavuta," alisema. "Besi zinauana." Akazirekebisha.

Kaseti ilipoanza upya, besi ilikuja nzito na safi, kila noti na mwanzo wake na mwisho wake. Thérèse alivua viatu, akaketi kwenye mbao za sakafu. Katika kiitikio Sagesse alichelewa kidogo kubadili noti, kama alivyochelewa siku zote.

"Ni yeye," Thérèse alisema. "Nilimugombeza sana juu ya kuchelewa hiyo. Mutoto wa watu, nilimugombeza bure."

Akalia. Hata siku ya mazishi Ciza hakumwona akilia namna ile. Harjit aliaga kimya kimya, akaufunga mlango nyuma yake.

Ikawa desturi yao kusikiliza kila Jumapili baada ya ibada. Lakini kila msimu ulipopita, Thérèse alisogea karibu zaidi, hadi akawa anaegemeza mgongo kwenye spika yenyewe.

Jumapili moja ya mwaka 2007, wimbo ukiwa katikati, alimgeukia mumewe.

"Baba Sagesse, hauwashe?"

Ciza alitazama magurudumu ya kaseti yakizunguka. Hata angejibu kwa sauti, asingesikika. Alitikisa kichwa kwamba bado, akanyoosha mkono, akaizima. Kisha akaketi kando yake sakafuni mpaka chai ikapoa.

Stereo ilibaki pale sebuleni, ikifutwa vumbi kila wiki. Thérèse alipotoka kwenda sokoni, mara nyingine Ciza aliikaribia, akaweka kidole kwenye kitufe, akakiondoa. Aliona haya kumsikia mtoto yeye peke yake, bila Thérèse.